Miiko Kumi na Minne ya Tanuru la Shule

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimepata cheo. Hakijathibitishwa, lakini nimeshaanza kukitumia.

Asubuhi kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Mtoto sina pale, hata mjukuu sina. Nilikwenda kwa sababu walisema kutakuwa na soda. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Redempta, mama mwenye sauti ya kengele, akatutangazia kwamba mambo yamebadilika. Mtoto hatakariri tu. Atatengeneza vitu kwa mikono yake. Darasa litachagua swali, litalihangaikia wiki kadhaa, mwisho litaonyesha lilichopata mbele ya wageni. Wazee wenye ujuzi waje wasaidie. Na atakayefanya vizuri atakuwa fundi mlezi wa shule mwaka mzima: kiti chake ndani ya ofisi ya walimu, chai ya saa nne, jina lake ubaoni.

Ofisi ya walimu! Mara ya mwisho kuingia mle nilikuwa darasa la nne. Niliingia kwa sikio, mwalimu akiwa ameshika sikio. Shule yangu ikaishia hapo. Miaka sitini natamani kuingia mle kwa miguu yangu na kuambiwa, karibu kiti, mzee.

Eustaki akanyoosha mkono kabla sijafungua mdomo. Huyu ni seremala kule Majengo, ana randa ya umeme na meno yake yote. Ndiye aliyenishtaki kwa mwalimu siku ile ya sikio. Akasema atafundisha kutengeneza viti. Makofi. Viti!

Nikasimama. Sikuwa na la kusema, lakini mdomo wangu huwa haunisubiri. Ukasema kwamba mimi Polikarp, mjukuu wa wahunzi wa Ufipa, nitawafundisha watoto kutoa chuma kwenye mawe, kwa tanuru la udongo, kama wazee wetu. Watu wakageuka. Halafu makofi, marefu kuliko ya viti. Nilipima.

Soda hazikuja.

Nyumbani nimemweleza mke wangu, Mama Vicent. Hakufurahi. Akanikumbusha kwamba babu yangu hakuwa mhunzi. Alikuwa mbeba mkaa wa wahunzi, wakamfukuza kwa kuulalia. Habari za kunidhalilisha namna hii anazitoa wapi? Akasema nilimsimulia mwenyewe, mwaka tuliooana. Nilikuwa mjinga sana mwaka ule.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekabidhiwa kwa Mwalimu Elia wa darasa la sita. Kijana mwembamba, anatembea kama anachelewa basi. Ametoka semina ya siku tatu kuhusu kujifunza kwa vitendo. Nikamuuliza huko walitenda nini. Akasema walisomewa karatasi. Karatasi zilisemaje? Zilisema mtu hajifunzi kwa kusomewa karatasi. Siku ya tatu wakapigwa picha. Ajabu ni kwamba yeye ameamini.

Wanafunzi hamsini na wanne wakasimama. Shikamoo babu! Marahaba! Nikaumuka kama andazi. Mwalimu Elia akasema haya babu, tuanzie wapi?

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui.

Yale matanuru ya kale ya porini nayafahamu. Wazee waliyaita malungu. Nimejikinga mvua ndani yake. Nimejificha deni ndani yake. Kilichoingizwa na kilichotoka sikuwahi kuuliza.

Nikakunja uso. Nikawaambia kazi hii ina miiko. Mwiko wa kwanza, na huu wazee waliushika kweli: mwanamke hasogelei tanuru.

Mwalimu Elia akahesabu darasa. Wasichana thelathini na mmoja. Akauliza, na Mwalimu Mkuu je, nimpelekee taarifa mimi au utampelekea wewe? Nikaulegeza mwiko papo hapo. Mwanamke anaruhusiwa kubeba udongo, maji, mkaa na mawe. Kisichoruhusiwa ni kusimama tu.

Kuna msichana wa dawati la mbele anaitwa Fortunata. Ana macho ya karani wa mahakama. Akaandika kwenye daftari, akauliza huo ni mwiko namba ngapi. Namba moja. Na yote iko mingapi, babu? Nikamwambia kadiri itakavyohitajika. Akaandika na hilo.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku safi. Baridi tu na upepo. Watoto wamekanyaga udongo, mimi nimekaa juani na koti.

Mwiko wa pili: fundi mkuu hashiki udongo. Mwiko wa tatu: kabla udongo haujakandwa, fundi mkuu anywe chai yenye sukari. Fortunata akauliza, enzi za babu zako sukari ilikuwa inapatikana wapi? Mwiko wa nne: asiulize swali mtu anayetazama tanuru. Akageuka, akalipa tanuru mgongo, akauliza tena. Mtoto huyu atafika mbali. Angeondoka leo ningefurahi.

Upande wa pili wa uwanja Eustaki anawafundisha darasa la saba viti. Nimepeleleza. Viti amevitengeneza mwenyewe kwenye karakana yake, vimeletwa na bodaboda vikiwa vimekamilika. Watoto wamepewa msasa wasugue. Kisha picha. Hayo ndiyo mafunzo kwa vitendo! Mimi angalau wa kwangu wamechafuka.

Mchana akaja kunichokoza. Akauliza Polikarp, hicho ni choo au kichuguu? Watoto wakacheka, wasaliti. Mwiko wa tano: seremala asikaribie tanuru hatua hamsini. Masanja, mtoto wa wale wafugaji waliohamia bondeni, ana miguu mirefu. Akapima hatua hamsini, akachora mstari. Eustaki akasimama juu ya mstari mchana kutwa, anatafuna karanga. Maganda anayatupa upande wangu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya misa nimepita shuleni kuangalia. Tanuru limefika kimo cha Mwalimu Elia, ambaye si mrefu. Limepasuka. Nyufa nne, moja naingiza mkono mpaka kiwiko.

Sijui dawa yake. Mwiko wa sita, basi: nyufa ni pumzi za tanuru, zisizibwe.

Mama Vicent amenihoji wakati wa kula. Udongo gani mmetumia? Mmechanganya na nini? Mmeukausha kivulini au juani? Zamani alikuwa akifinyanga vyungu, kabla ndoo za plastiki hazijajaa sokoni na watu kuacha kuvinunua. Akasema udongo mtupu lazima upasuke, hata mtoto anajua. Nikamwambia hii ni kazi ya chuma, si vyungu vya kuchemshia maharage, na wanawake tuliwapa nafasi yao kwenye mwiko wa kwanza.

Akanyamaza. Mama Vicent akinyamaza ujue nimeshinda.

Jumanne, 19 Agosti

Mwalimu Elia ana wazo jipya. Anayo mengi, ni ugonjwa. Akasema twende wote kwa miguu mpaka lile tanuru la kale porini, watoto walione kwa macho. Nikasema halionekani vizuri mwezi huu. Hakuelewa, tukaenda. Saa moja na nusu kwenda, upepo usoni.

Njiani Fortunata akauliza tanuru la wazee lina matundu mangapi chini. Nikamjibu bila kusita: saba. Nilitaja saba kwa sababu ni namba inayopendeza.

Tulipofika wakalizunguka kama siafu. Wakapima kwa kamba. Wakachora. Wakaokota vijiwe vyeusi vizito vilivyoganda kama uji uliomwagika. Masanja akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akagusa kijiwe kimoja, kikang'ang'ania. Wakapiga kelele kama wameona simba. Mimi nilikuwa nimelala kidogo nyuma ya mti.

Wakaja kuniamsha. Babu, matundu ni kumi. Nikawauliza kwa ukali nani amewaruhusu kuhesabu. Mwiko wa saba: matundu ya tanuru hayahesabiwi, yakihesabiwa yanaongezeka.

Fortunata akaandika. Halafu akarudi kuyahesabu mara ya pili. Yakabaki kumi.

Wakati wa kurudi nikatoa wa nane na wa tisa ili tu wanyamaze. Wa nane: kwenye kazi ya tanuru hakuna kalamu nyekundu. Wa tisa: mkaa wote upondwe na kuchaguliwa, kila kipande kiwe saizi ya yai la kuku, si kikubwa wala vumbi. Huo wa tisa nauona ni mtamu sana. Kuna magunia manne ya mkaa. Utawashughulisha wiki nzima, na mtu anayechagua mkaa hana nafasi ya kuniuliza kitu.

Ijumaa, 22 Agosti

Mambo yamenyooka. Watoto hawaniulizi tena maswali. Nimewafundisha heshima.

Wanatawanyika baada ya vipindi, kila mtu na gunia au debe, wanaelekea nyuma ya jiko la shule. Moshi unatoka huko kila siku. Nadhani wanapikiwa makande mara mbili siku hizi.

Kuna karatasi kubwa darasani, wameunganisha manila nne. Nikiingia wanaigeuza. Nilifanikiwa kuona kipande kimoja tu: jina langu, kwa herufi kubwa. Wananichora! Sikusema kitu, nisiwaharibie. Ila nimeanza kukaa upande, maana upande wa kushoto ninaonekana vizuri zaidi.

Nimefikisha miiko kumi na miwili. Wa kumi, kumi na moja na kumi na mbili inahusu muda wangu wa kupumzika.

Tanuru langu bado lina nyufa nne. Mama Vicent naye amekuwa na shughuli. Mchana hayupo, jioni anarudi na udongo mpaka kwenye viwiko. Atakuwa anakandika jiko la dada yake. Nimemwambia asijichoshe, umri umekwenda. Akaniambia kweli, Baba Vicent, umri umekwenda, na wengine umewaacha palepale. Sikuelewa. Alikuwa anacheka peke yake.

Jumatatu, 25 Agosti

Tarehe imetoka. Wageni wanakuja Ijumaa: afisa elimu na walimu wa shule nyingine, hata wa kutoka Mwimbi. Siku hiyohiyo fundi mlezi atatangazwa.

Mwalimu Redempta ameniita. Sikuitwa ofisini, aliniita barazani. Akauliza kwa upole, mzee wangu, hivi Ijumaa chuma kitatoka? Niambie ukweli, kama hakitatoka tuseme mapema, si dhambi. Nikamwambia mwalimu, chuma kitatoka kama jua linavyotoka. Akanitazama. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Nimepata habari kwamba afisa elimu anapenda viti. Inanitia joto. Nikamfuata Eustaki kwa roho safi, nikamwambia kama rafiki: mwenzangu, umesikia mgeni wetu ana mwili gani? Kilo mia na arobaini. Mwaka jana alikalia kiti cha mtu mbele za watu, kikasambaratika, fundi akahama kata. Afisa mwenyewe sijawahi kumwona. Eustaki akaguna, akasema hanidanganyi mtu mimi. Lakini jioni nimesikia nyundo mpaka huku kwetu Milanzi. Anaongeza mbao.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku mbili sijala vizuri. Kesho alfajiri tanuru linawashwa. Nimeyatazama yale mawe mekundu waliyookota watoto. Ni mawe. Nikayatazama tena. Mawe.

Kama hakitatoka kitu, Eustaki ataingia ofisi ya walimu na kukalia kiti. Atakikalia kiti cha kwake mwenyewe! Atakunywa chai akinitazama kupitia dirishani.

Ndipo nikaona nyuma ya choo kipya cha shule vipande vya nondo vilivyobaki kwenye ujenzi. Nondo ni nini? Chuma. Tanuru ni nini? Moto. Nondo ikilala kwenye moto itayeyuka, itakuwa bonge, na bonge halina kumbukumbu. Sijui kwa nini wahunzi walihangaika na mawe.

Nikatangaza mwiko wa kumi na tatu: kesho asichungulie ndani mtu yeyote isipokuwa fundi. Na wa kumi na nne: leo saa ya chakula cha mchana mtu asikae karibu na tanuru, maana linapumzika. Watoto wakasema sawa babu, wote kwa pamoja, wapole ajabu. Fortunata akauliza tu, saa ya chakula ni saa saba kamili, babu? Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Nimeanza kumpenda mtoto yule.

Saa saba na dakika kumi nikazamisha vipande vitatu katikati ya mkaa. Hakuna aliyeniona. Nimekula ugali sahani mbili.

Ijumaa, 29 Agosti

Naandika hata koti sijavua.

Wageni walialikwa saa nne. Wamefika saa saba. Tanuru linawaka tangu alfajiri, vijana wamepuliza mivukuto ya ngozi za mbuzi za kwa kina Masanja mpaka mikono ikafa ganzi. Moshi ulitoka kwenye nyufa zote nne na juu haukutoka hata kidogo.

Afisa elimu akashuka garini. Mama mwembamba kama fito! Ukimweka kwenye mizani na mkoba wake, hafiki kilo hamsini. Akahutubia kuhusu umuhimu wa mtoto kutumia mikono. Dakika hamsini. Watoto wote wamekaa chini, mikono imekunjwa kifuani.

Kisha kiti cha Eustaki. Watoto wanne walikibeba, wakapumzika njiani mara mbili. Kimewekewa mbao juu ya mbao, kama zizi. Afisa akakaa, miguu haikufika chini. Akauliza darasa la saba: ninyi mlifanya sehemu gani? Wakatazamana. Mmoja akasema tulisugua. Afisa akashushwa kwenye kiti kwa kushikwa mkono. Nilifurahi hadi nikakohoa.

Zamu yangu. Nikavua kofia. Nikasema maneno mawili matatu ya Kifipa kwa sauti nzito, ya kawaida tu, lakini afisa hajui Kifipa. Mama Vicent alikuwepo kwenye kundi la akina mama, akaziba mdomo kwa kanga. Nilikuwa nimesema jogoo amekula ulezi.

Wakabomoa mlango wa tanuru. Majivu. Mkaa. Mawe, yamekuwa mekundu zaidi na yamebaki mawe. Halafu, koleo likavuta nje nondo tatu. Zimenyooka. Zinang'aa kwa moto. Mistari yote ya kiwandani ipo, mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimesimama hatua sita ninaihesabu.

Wageni wakasogea kutazama.

Eustaki akavuka mstari wake wa hatua hamsini kwa mara ya kwanza tangu uchorwe. Akainama. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyesubiri miaka: milimita kumi na mbili. Kumbe wazee wetu walikuwa wanafyatua nondo, Polikarp! Walijenga ghorofa gani?

Wakacheka walimu, wakacheka wazazi, akacheka mpaka dereva wa gari la serikali. Nilitafuta mwiko. Kwa mara ya kwanza haukuja.

Ndipo Fortunata akasimama. Shikamooni wageni. Akasema lile tanuru kubwa ni la babu, na sisi tunayo mengine. Wakatupeleka nyuma ya jiko. Matanuru madogo matatu, yanafika magotini, hayana ufa hata mmoja. Makande mara mbili, kumbe!

Wakafunua ile karatasi. Haikuwa picha yangu. Ilikuwa imeandikwa: MIIKO KUMI NA MINNE YA BABU POLIKARP, UPI UNA UKWELI? Mistari, namba, tarehe. Kila mwiko na jaribio lake. Fortunata akasoma wote. Wote!

Mwiko wa kwanza, wanawake: tanuru la tatu liliendeshwa na wasichana peke yao, nalo ndilo lililofanya vizuri kuliko yote. Mwiko wa tatu, chai: tanuru moja tulikunywa chai, jingine hatukunywa. Tofauti hakuna, ila sukari ya walimu imepungua. Mwiko wa saba: matundu yamehesabiwa mara kumi na moja, hayakuongezeka. Mwiko wa kumi na nne haukujaribiwa, kwa sababu aliyeutunga aliuvunja mwenyewe jana saa saba na dakika kumi.

Afisa alikuwa anafuta machozi. Si ya huzuni.

Lakini Fortunata akafika wa tisa, wa mkaa. Akasema huu, wageni wetu, ni wa kweli. Mkaa wa mchanganyiko uliziba, moto ukafa mara mbili. Mkaa wa saizi ya yai unapitisha hewa. Bila mwiko wa tisa tusingepata hiki. Masanja akaleta sahani. Bonge jeusi, saizi ya ngumi, baya kama mzizi wa muhogo. Akasogeza sumaku. Bonge likavutwa, tak! Jumatano walilipata, wakalificha siku mbili.

Afisa akauliza mwiko wa tisa ni wa nani. Watoto hamsini na wanne wakaninyooshea kidole. Nikainama kidogo, upande wa kushoto. Makofi. Nilikuwa ninajua tangu mwanzo, kwa namna fulani.

Mwalimu Redempta akapanda jukwaani kutangaza fundi mlezi. Nikafunga vifungo vya koti. Akasema matanuru haya yasingesimama bila mtu mmoja aliyekuja kila mchana, akawaonyesha watoto kuponda vigae vya vyungu vya zamani na kuchanganya kwenye udongo ili usipasuke. Hakutaka kutajwa. Hakuwapa jibu bila kuwauliza kwanza wanadhani nini. Fundi mlezi wetu ni Bibi Hilaria.

Nikapiga makofi pamoja na watu. Nikawaza, Hilaria gani huyo? Naijua sura ya akina mama wote hapa. Mpaka alipopita mbele yangu na kanga yake ya misa, akiwa na udongo kwenye viwiko.

Miaka arobaini na saba namwita Mama Vicent.

Jumatatu, 1 Septemba

Mke wangu ameripoti kazini. Nimembebea kapu la udongo, kilo kama kumi na tano, nikisema njia nzima kwamba ni mwanaume gani wa leo anamsaidia mkewe namna hii. Wapita njia watatu wameniona. Wa nne alikuwa Eustaki, alijifanya haoni.

Tukafika mlango wa ofisi ya walimu. Mwalimu Redempta akasimama kabisa, akasema karibu mama, karibu kiti. Mke wangu akakaa. Walimu wote shikamoo, shikamoo. Wakammiminia chai. Mimi nikaambiwa kapu niliweke hapo pembeni, asante mzee.

Nimeingia hatua tatu. Nimehesabu. Ofisi ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na ina harufu ya panya. Hilaria alinitazama juu ya kikombe. Sijui kama alikuwa anacheka. Akamuuliza Mwalimu Redempta kama kuna kikombe kingine. Kilikuwepo. Nimekunywa nimesimama, lakini ndani. Ilikuwa na sukari kidogo tu, sijui kwa nini.

Nje nikamkuta Mwalimu Elia na mgeni wa Ijumaa, mwalimu wa kutoka Mwimbi, anaitwa Marselino. Amenisubiri mimi! Akasema shule yake nayo inataka mradi wa vitendo, na watoto wake wameomba waletewe mzee yule yule. Nikamuuliza wamenipendea nini. Akasema wanataka mtu anayesema vitu vingi vya kuchunguza. Unaona? Sifa husafiri. Mwalimu Elia alikuwa anajikuna shingo, akisema babu, usikubali kabla hujasikia ni mradi gani.

Mradi ni wa kutengeneza mizinga na kufuga nyuki. Nimekubali kabla Marselino hajafika kwenye neno nyuki. Nimemwambia upande wa mama yangu wote ni watu wa mizinga, walikuwa wanazungumza na nyuki kwa majina. Ameandika.

Tunaondoka Alhamisi. Hilaria ameuliza utaalamu wa nyuki nimeupata wapi. Swali gani hilo? Asali nakula huu mwaka wa sabini.